Niliitwa Mvivu

Nilipotimiza miaka 13 nilikuwa na majina mawili, la ubatizo na Mvivu, na hilo la pili ndilo lililozoeleka. Nyumbani, shuleni, hata kwenye foleni ya kisimani, mtu akiuliza "Mvivu yuko wapi?" kila mmoja alijua anayetafutwa ni nani. Sikuwa nachukiwa. Watu walisema walichokiona. Mtoto mwenye mikono na miguu kamili, lakini kila baada ya hatua chache anakaa chini, utamwitaje?

Kwetu ni Mbingu, upande wa kusini-magharibi wa Ifakara, kati ya milima ya Udzungwa na tambarare ya mto Kilombero, jirani na reli ya TAZARA. Watu wa bonde wanayajua maisha yale. Mvua zikikolea, familia hufunga nyumba ya kijijini na kuhamia mpungani, kulala dunguni miezi na miezi. Sisi watoto tulipalilia, tukawinga ndege, tukachota maji. Viatu vilikuwa vya kanisani. Choo huko shambani hakikuwapo; mtu aliingia kichakani, mvua ikanyesha, na asubuhi sote tukakanyaga udongo ule ule uliolowa. Nalisema hili mapema kwa sababu mambo yangu yote yalianzia hapo.

Udhaifu ulikuja polepole, kiasi kwamba hata mimi sikumbuki siku ya kuwa mzima. Moyo ulinidunda nikipanda kijilima. Uso ulivimba asubuhi. Nilikuwa nakula udongo wa kichuguu kwa siri, na ladha yake naikumbuka vizuri kuliko ya chakula chochote cha wakati ule. Mwalimu mmoja alinichapa kwa kusinzia, kisha akanichapa kwa kulia taratibu mno, akidhani namdharau. Mjomba wangu alimwambia mama mbele yangu, "Dada, huyu kazi inamkimbia." Ilikuwa 1984. Mwaka uliotangulia ilikuwa imetungwa sheria ya Nguvu Kazi, na mijini wazururaji walikuwa wakikusanywa kupelekwa mashambani. Redio ilihimiza kazi tangu alfajiri. Kuitwa mvivu nyakati zile hakukuishia kwenye utani wa nyumbani; ulionekana mtu unayeirudisha nchi nyuma.

Bibi mzaa mama ndiye aliyeanza kuona kingine. Alinikamata mkono siku moja, akatazama kucha, akanivuta chini ukope wa jicho, akasema, "Mjukuu wangu, huku ndani ni kweupe kama unga." Alinipeleka kwanza kwa mganga, maana ndivyo mambo yalivyokwenda, na mganga alitaja jirani ambaye bado ninamheshimu. Kisha bibi akauza kuku, tukapanda treni ya kawaida kwenda Ifakara, sisi wawili na mkungu wa ndizi wa kumpa ndugu tutakayelala kwake.

Katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyoanzishwa na wamisionari wa Uswisi, daktari alirudia kile kile alichofanya bibi: alivuta ukope. Kisha walipima damu, ikawa 5. Walipima choo. Jibu likaja kwa neno moja ambalo bibi alilijua tangu zamani lakini hakulifikiria kwa mjukuu wake: safura. Nilipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, tukaambiwa maharage, mchicha, dagaa, na viatu. Bibi alishikilia hilo la viatu, akauliza, "Na mpungani je?" Muuguzi hakuwa na jibu, akacheka.

Sitajifanya nakumbuka siku nguvu ziliporudi. Nakumbuka tu kwamba msimu uliofuata nilikuwa nauza ndizi stesheni ya Mbingu, na treni ilipoanza kuondoka kabla abiria mmoja hajanilipa, nilikimbia sambamba na behewa mpaka nikaipata hela yangu dirishani. Niliporudi kwenye beseni langu, wenzangu walikuwa wamenyamaza. Hakuna aliyewahi kuniona nikikimbia. Hata hivyo jina liliendelea kunifuata mpaka nilipohama kijiji. Mwili ulikuwa umepona, lakini ndani bado niliamini kwamba mimi ni mvivu aliyebahatika kupata dawa. Kuliondoa wazo hilo kulihitaji safari ndefu zaidi, na iliyonifikisha ni habari ya mwanasiasa mmoja wa Uswisi aliyefariki mwaka 1882.

Nilisomea kazi ya maabara, nikaajiriwa Ifakara. Mji wetu una mazoea na Waswisi kuliko miji mingi ya Tanzania. Wakapuchini na masista wa Baldegg walikuwapo tangu zamani, na mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy, mkurugenzi wa Taasisi ya Tropiki ya Basel, alianzisha pale maabara ndogo ya utafiti ambayo baada ya miongo kadhaa imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayoendeshwa na Watanzania wenyewe. Kwa hiyo wageni walikuja na kuondoka, na mmoja wao, kijana aliyekuja kujifunza kwa muda, alipenda kunionyesha picha za kwao. Katika picha moja palikuwa na sanamu ya shaba: mwanamume mwenye koti refu, amesimama juu ya chemchemi mbele ya stesheni kuu ya Zürich, stesheni nyuma yake, mji mbele yake. "Huyu ni Alfred Escher," aliniambia. "Bila huyu tusingekuwa na reli."

Mtoto wa Mbingu akisikia neno reli anainua kichwa. Nilimwomba anieleze, na alipoona nimependa alinitumia vitabu baada ya kurudi kwao. Nikamsoma Escher kama wengine wanavyosoma maisha ya watakatifu.

Alizaliwa Zürich mwaka 1819 katika nyumba ya kitajiri. Baba yake alikuwa amechuma Marekani, na ukoo ulikuwa na shamba la kahawa Kuba lililolimwa na watumwa. Jambo hilo lilimsumbua kisiasa maisha yake yote, maana wapinzani walilitaja. Alisoma sheria. Akiwa na miaka 25 alichaguliwa katika baraza la jimbo la Zürich, na Uswisi ya sasa ilipoundwa mwaka 1848 aliingia bungeni na kubaki humo mpaka kufa. Wakati ule nchi yao ilikuwa na kipande kimoja tu cha reli, kutoka Zürich hadi Baden, kilichofunguliwa mwaka 1847. Majirani walikuwa wanatandaza vyuma kila upande. Hofu ya Escher ilikuwa kwamba njia za Ulaya zitaizunguka Uswisi na kuiacha katikati, kisiwa cha milima kisichopitiwa na mtu.

Jinsi alivyoishughulikia hofu hiyo inashangaza mpaka leo. Mwaka 1852 bunge liliamua reli zijengwe na makampuni binafsi, siyo dola, na Escher alikuwa mstari wa mbele kulitetea hilo. Mwaka uliofuata akaongoza kampuni ya reli ya Kaskazini-Mashariki. Reli inataka wahandisi, na Uswisi haikuwa na pa kuwafundisha: akapigania chuo cha ufundi cha shirikisho, kilichofunguliwa Zürich mwaka 1855, ambako baadaye Einstein alisoma. Reli inataka fedha, naye hakutaka kutegemea mabenki ya nje: mwaka 1856 akaanzisha benki, ile iliyokuja kuitwa Credit Suisse na kumezwa na UBS mwaka 2023. Mtu mmoja, akiwa mbunge, mwenye reli, mwenye benki, na msimamizi wa chuo. Wapinzani wake walizungumzia "mfumo wa Escher", na mwaka 1869 walifanikiwa kupata katiba mpya ya jimbo iliyowapa wananchi sauti zaidi na kuupunguzia mfumo huo meno.

Mimi nilimlinganisha na Mwalimu Nyerere, nikaona wanafanana kwa ile hofu ya kuachwa pembeni na kwa ukaidi. Mabwana wa fedha wa Magharibi walisema reli ya kwenda Zambia haitalipa. Mwalimu na Kaunda wakaenda China, mkataba ukatiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tofauti kubwa ni kwamba TAZARA haikuwa mali ya Mwalimu wala hakuwa na benki yake ya kuikopesha. Lakini katika umri ule tofauti hiyo sikuijali. Nilichokipenda ni mtu asiyechoka. Escher alinivutia kwa sababu alikuwa kila nilichoambiwa kwamba mimi sicho. Niliibandika picha yake juu ya meza yangu ya maabara.

Kisha nikarudi darasani kuongeza elimu, na katika somo la vimelea nikafika kwenye historia ya safura. Mnyoo wenyewe ulitambuliwa na daktari Mtaliano, Angelo Dubini, huko Milan, mwaka 1838. Mwaka 1878 Grassi na wenzake walionyesha kwamba mayai yake yanaonekana kwenye choo cha mgonjwa kwa hadubini, kipimo kile kile nilichokuwa nakifanya kila asubuhi, kile kile kilichofanywa juu yangu. Mwisho wa karne hiyo Arthur Looss, akiwa Cairo, alimwagikiwa na maji yenye mabuu ya mnyoo huo mkononi, akahisi muwasho, na baadaye akayaona mayai kwenye choo chake mwenyewe. Ndipo ikajulikana kwamba mnyoo huu huingia kwa kutoboa ngozi. Lakini katikati ya habari hizi mbili za mwisho kulikuwa na ukurasa mmoja wenye neno nililolisoma mara nyingi kwenye maisha ya Escher: Gotthard.

Gotthard ndiyo kazi kubwa ya uzeeni kwa Escher. Uswisi, Italia na Ujerumani zilikubaliana kuipasua Alpi kwa reli, na mwaka 1871 yeye akawa mkuu wa kampuni. Handaki lenyewe, kilomita 15, lilianza kuchimbwa mwaka 1872 kutoka pande mbili, Göschenen na Airolo, chini ya mkandarasi Louis Favre wa Geneva. Wachimbaji walikuwa wengi wao Waitaliano. Juu ya mlima ni theluji. Ndani, kadiri walivyozama, joto lilipita nyuzi 30, maji yalivuja, moshi wa baruti haukuwa na pa kutokea, na vyoo havikuwapo. Watu walijisaidia pale pale walipochimba na kukanyaga pale pale. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Ndani ya mlima wa barafu, mahali ambapo mnyoo wa nchi za joto usingeishi hata siku moja nje, walikuwa wamejitengenezea masika ya Kilombero.

Wachimbaji walianza kufifia. Uso mweupe, moyo mbio, pumzi fupi, miguu haibebi. Kwa muda ilidhaniwa ni hewa mbaya. Waliokwisha nguvu walirudi kwao, na ni hospitali ya Turin, mwaka 1880, ambako Edoardo Perroncito na madaktari wenzake walikuta matumbo yao yamejaa minyoo ya safura. Mwaka huo huo handaki lilitoboka: pande mbili zilikutana tarehe 29 Februari 1880. Ajali peke yake ziliua karibu watu 200. Mwaka 1875 wafanyakazi wa Göschenen waliogoma walipigwa risasi na wanamgambo, wakafa wanne. Favre mwenyewe alianguka na kufa ndani ya handaki mwaka 1879. Waliodhoofika kwa minyoo na kwenda kufia vijijini mwao hakuna aliyewahesabu.

Nasimulia kwa urefu kwa sababu hapo ndipo nilipobadilika, na sikubadilika kwa kumchukia Escher. Kilichonigusa ni jambo dogo katika maisha yake ambalo nilikuwa nimelipita bila kulitazama. Escher aliugua mara kwa mara. Kazi ilimlaza kitandani kwa miezi, katika miaka ya 1850 na tena baadaye. Na kila kitabu kinachomsimulia, cha marafiki na cha wapinzani, kinasema jambo moja: mtu huyu alichoka kwa sababu ya mzigo aliobeba. Uchovu wake ulipewa sababu. Hakuna aliyeuliza kama kazi inamkimbia. Wale wa ndani ya handaki, ambao mzigo wao ulionekana kwa macho, ilibidi wafike kwenye meza ya kupasulia maiti ndipo uchovu wao upate sababu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa vimelea Charles Stiles alipoonyesha kwamba safura imeenea kwa mafukara wa kusini mwa Marekani, magazeti ya nchi hiyo yaliiita kijidudu cha uvivu. Yaani hata baada ya mnyoo kuonekana, tusi lilibaki, likahamishiwa kwa mnyoo.

Niliisoma sehemu hiyo usiku, umeme umekatika, kwa taa ya chemli, na nikajikuta nasema kwa sauti, peke yangu, "Basi sikuwa mvivu." Mke wangu aliuliza kutoka chumbani naongea na nani. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nimepima choo cha maelfu ya watu, na nilikuwa naijua safura kuliko jirani yangu yeyote. Lakini kuijua kwa wengine na kuijua juu ya nafsi yako ni mambo mawili.

Mwisho wa Escher nao ulikuwa mgumu. Gharama za Gotthard zilipanda kupita makisio, lawama zikamwangukia, na mwaka 1878 alilazimika kuuacha uongozi. Handaki lilipotobolewa hakualikwa. Lilipozinduliwa mwaka 1882 alialikwa, lakini hakuweza kwenda kwa ugonjwa, na Desemba ya mwaka huo huo akafariki. Sanamu ya mbele ya stesheni ilisimamishwa mwaka 1889. Kuna kumbukumbu nyingine ambayo yule kijana hakunionyesha, na nadhani hakuwa ameiona: kule Airolo, kwenye mdomo wa kusini wa handaki, kuna kazi ya mchongaji Vincenzo Vela inayoonyesha wachimbaji wakimbeba mwenzao aliyekufa. Vela aliifinyanga mapema katika miaka ya 1880. Ikawekwa Airolo kwa shaba mwaka 1932. Siku hizi juu ya meza yangu nimeziweka picha zote mbili. Sikuona sababu ya kumwondoa mzee wa koti refu.

Kinachonifurahisha zaidi kama mtu wa maabara ni kilichofuata. Handaki lililokuja baadaye, la Simplon, lilianza mwaka 1898, na safari hii wachimbaji walipimwa, walijengewa vyoo, mabafu ya maji ya moto na mahali pa kubadilishia nguo kabla ya kutoka nje. Safura haikuzuka. Hawakuwa wachapakazi kuliko wa Gotthard. Walikuwa na choo.

Mjomba, yule wa "kazi inamkimbia", alikuwa kibarua wa TAZARA kwenye kipande kigumu kuliko vyote, kutoka Mlimba kupanda Makambako, kwenye mahandaki na madaraja marefu. Alipenda kusimulia jinsi Wachina walivyofanya kazi zamu kwa zamu, mabwana wao wakishika sururu pamoja na vibarua. Zaidi ya Wachina 60 walifia kwenye ujenzi ule, na baadhi ya makaburi yao yako Gongo la Mboto. Kabla hajafariki nilimsimulia habari za Gotthard. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wao walikuwa peku?" Nikamwambia wengi walikuwa na viatu vilivyooza kwa maji. Akanyamaza, kisha akasema, "Sisi tulikuwa tukisema fulani anategea." Alitaja majina mawili. Sikumuuliza zaidi, walikuwa watu wa kwetu.

Tangu usiku ule wa taa ya chemli nina tabia ambayo baadhi ya wenzangu wanaiona kero. Nilipoingia kamati ya shule nilikuwa mtu wa kuuliza, mtoto akiletwa kwa kosa la kusinzia, kama amepimwa damu. Walimu wachache walichukizwa. Mmoja aliniambia nitawaharibu watoto kwa visingizio. Dawa za minyoo sasa zinagawiwa shuleni, na watoto wengi wanavaa angalau kandambili, kwa hiyo nyuso zilizovimba kama yangu sizioni tena mara kwa mara. Lakini mpungani bado watu huingia peku, maana kiatu kwenye tope hakifai, na swali la bibi halijapata jibu mpaka leo.

Nina ekari chache za mpunga upande wa Idete. Kila msimu, kabla ya kuanza kupalilia, vibarua wangu huniletea choo nikapime, nami nalipia dawa kwa atakayekutwa na minyoo. Shambani nimechimba choo cha shimo mahali pa mwinuko, na sheria yangu ni moja: asiyekitumia haingii kazini. Msimu uliopita alikuja kijana mmoja mrefu, mwenye maneno, ambaye kila baada ya mstari mmoja wa magugu alikuwa chini ya mwembe. Wenzake wakaanza kumtania, nikawakataza. Nikamwita pembeni, nikamweleza habari za handaki, za Turin, za mnyoo, za mimi mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Shikamoo mzee, na ahsante. Ila mimi sina safura. Mimi ni mvivu tu."

Nilimlazimisha alete choo hata hivyo. Nilitazama slaidi mara mbili, nikampa na mwenzangu atazame. Safi kabisa. Damu yake ilikuwa 14, nzuri kuliko yangu. Nikamhamishia kwenye kuwinga ndege, akanikumbusha kwamba posho ya dunguni ni ile ile.